Yai la Mwanadamu na Hesabu ya Wakati

Mwishoni mwa mwaka 2018 mwanamke mmoja wa miaka 30, mkazi wa Beijing katika nchi ya China, alikwenda katika hospitali moja ya serikali kuomba mayai yake ya uzazi yatolewe, yagandishwe na kuwekwa akiba. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na mume. Alikuwa na kazi aliyotaka kuiendeleza, na alijua kwamba muda wa mwanamke kuzaa una mpaka wake. Kwa hiyo aliona vema kuweka akiba leo kwa ajili ya kesho asiyoijua. Baada ya kupimwa alitakiwa kuonyesha cheti cha ndoa. Alipojibu kwamba hana, daktari alimshauri aolewe na azae mapema. Kisha akafahamishwa kwamba huduma aliyoitaka haitolewi kwa mwanamke asiye na mume.

Mwanamke huyo, ambaye magazeti yalimtaja kwa jina la Xu Zaozao, hakunyamaza. Mwaka 2019 alifungua mashtaka, na kesi yake ilidumu karibu miaka 5. Kesi hiyo yafaa kuwa mlango wa kuingilia katika historia ya yai la mwanadamu, kwa sababu swali lililopelekwa mbele ya mahakimu lilikuwa la zamani kuliko mitambo ya kugandisha. Swali lenyewe ni hili: nani mwenye haki ya kuhesabu siku za mwanamke, na baada ya kuzihesabu, nani mwenye haki ya kuamua zitumiwe vipi?

Yai lenyewe lilichelewa sana kujulikana. Mwaka 1651 mganga Mwingereza William Harvey aliandika kwamba viumbe hai vyote asili yao ni yai, lakini yai la mnyama anyonyeshaye hakupata kuliona. Ilipita zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Karl Ernst von Baer, huko Königsberg mwaka 1827, kuliona yai la mbwa katika kifuko cha mayai. Si ajabu kwamba lilijificha muda mrefu hivyo. Yai la mwanamke, ijapokuwa ni miongoni mwa chembe kubwa kabisa za mwili, upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani sawa na nukta ndogo iliyoachwa na ncha ya kalamu.

Baadaye wataalamu walitambua jambo lililokuwa zito zaidi ya udogo wa yai. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya karibu maisha yake yote tangu kubalehe, lakini mwanamke hupewa ghala lake mara moja tu, naye hulipata kabla hajazaliwa. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai milioni 1 hadi 2 hivi. Afikapo umri wa kuvunja ungo husaliwa na laki tatu au nne. Katika hayo yote, yatakayopevuka na kutoka mwezi baada ya mwezi hayazidi sana 400 au 500. Mengine hufa kimya kimya, awe ameolewa au hajaolewa, awe amezaa au hajazaa. Tena yanayobaki huzeeka pamoja naye. Kadiri umri unavyosonga, na hasa baada ya miaka 35, mayai mengi zaidi huwa na kasoro katika kromosomu, na kwa hiyo mimba hutunga kwa shida au huharibika. Wahenga walisema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Na katika jambo la uzazi ukuta huo mwanamke huukuta mapema kuliko mwanamume.

Kuhesabu siku za hedhi si jambo geni kwa watu wa zamani. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, kama kwingineko katika nchi za Kiislamu, wanawake walizihesabu kwa karne nyingi kwa ajili ya sala, saumu na eda, na makungwi waliwafundisha wari namna ya kujitunza. Hesabu hiyo ilimwonyesha mwanamke kwamba hana mimba. Haikumwonyesha siku ambayo yai hutoka. Waganga wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa hawakuwa na elimu bora. Wengi wao walidhani kwamba mwanamke hushika mimba zaidi karibu na siku za hedhi, na kwamba siku za katikati ya mwezi ndizo za salama. Walioufuata ushauri huo ili wasizae walizaa, na walioufuata ili wazae walikosa watoto. Hivyo kosa la mwenye elimu liliingia vyumbani mwa watu wasiomjua.

Aliyeondoa kosa hilo alikuwa daktari Mjapani, Kyusaku Ogino, aliyefanya kazi katika mji wa Niigata. Kwa kuchunguza vifuko vya mayai vya wanawake aliowapasua, na kulinganisha aliyoyaona na tarehe za hedhi zao, alitangaza mwaka 1924 kwamba yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi ifuatayo. Jambo la maana katika ugunduzi wake ni kwamba alihesabu kutoka mbele kurudi nyuma: mkongwe wa hesabu ni hedhi inayokuja, si iliyopita. Hermann Knaus wa Austria alifikia jambo lililo karibu na hilo kwa njia yake mwenyewe mwaka 1928. Ogino alitaka elimu yake iwasaidie wanawake waliotamani mimba. Watu wengi wakaitumia kuiepuka mimba, naye hakupendezwa. Baadaye hesabu ya kalenda iliongezewa dalili nyingine. Joto la mwili hupanda kidogo baada ya yai kutoka, na ute wa mlango wa mji wa mimba huwa mwepesi na wa kuvutika siku zinazokaribia kutoka kwake. Dalili hii ya pili ilichunguzwa kwa bidii tangu mwaka 1953 na John Billings wa Melbourne, akisaidiana na mkewe Evelyn, ambaye naye alikuwa daktari.

Elimu hii ilimpa mwanamke kitu ambacho hapo kwanza hakuwa nacho: aliweza kuusoma mwili wake bila kumngoja mtu amsomee. Walakini yafaa mpaka wake ujulikane. Hesabu ya mwezi si hesabu ya miaka. Mwanamke wa miaka 41 aweza kuona hedhi yake kwa siku zile zile bila kukosea, joto lake likapanda kwa wakati wake, na hali mayai yake mengi yamekwisha kuharibika. Hata kipimo cha damu cha homoni iitwayo AMH, ambacho siku hizi hutumiwa sana, huonyesha kwa kukadiria tu wingi wa mayai yanayoweza kukusanywa. Hakionyeshi uzima wa yai moja moja, wala hakimtabirii mwanamke kama atashika mimba kwa njia ya kawaida. Wengi waliojiona salama kwa sababu ya kalenda walichanganya hesabu hizi mbili.

Kutoka kuhesabu yai hadi kulishika mkononi palikuwa na safari ndefu, na katika safari hiyo limo jina la mwanamke ambalo vitabu vingi vililisahau. Miriam Menkin alizaliwa Riga mwaka 1901, akakulia Marekani, akapata shahada katika vyuo vikuu vya Cornell na Columbia. Shahada ya udaktari aliisomea, lakini hakuipata. Mwaka 1938 aliajiriwa na daktari John Rock katika hospitali ya wanawake iliyokuwa Brookline, karibu na Boston. Rock alikuwa Mkatoliki, na katika hospitali hiyo alikuwa na kliniki ya kuwafundisha wanawake hesabu ya siku zao. Wanawake waliokuwa wakingoja kupasuliwa waliombwa waandike tarehe za hedhi, na kwa tarehe hizo siku ya upasuaji iliweza kupangwa karibu na siku ya yai kutoka. Hivyo hesabu ya siku, iliyofanywa kwa kalamu na mwanamke nyumbani kwake, ndiyo iliyolifungulia yai mlango wa maabara. Majina ya wanawake hao hayakuandikwa katika historia, wala ridhaa yao haikupimwa kwa kipimo kinachotakiwa leo.

Kazi ya Bi Menkin ilikuwa kungoja mlangoni pa chumba cha upasuaji, kuchukua kipande cha kifuko cha mayai, kutafuta yai ndani yake, na kulichanganya na mbegu za kiume katika chombo cha kioo. Alifanya hivyo wiki baada ya wiki kwa karibu miaka 6 bila kufanikiwa. Mwezi wa Februari 1944 alikuja kazini akiwa amechoka, kwa kuwa mtoto wake mchanga alikuwa anaota meno na hakumpa usingizi. Kwa uchovu huo aliziosha mbegu mara moja tu badala ya mara nyingi, akazitumia zikiwa nyingi zaidi, tena akaziacha pamoja na yai kwa saa nzima badala ya nusu saa. Aliporudi kuangalia aliliona yai limegawanyika. Katika mayai 138 yaliyojaribiwa, 4 yalitungishwa, na habari hiyo ikatangazwa mwaka huo huo. Haikupita muda mrefu mumewe alipoteza kazi, akapata nyingine katika jimbo la mbali, naye Bi Menkin akamfuata na kuiacha maabara. Kazi aliyoianza ilingoja watu wengine, mpaka tarehe 25 Julai 1978 huko Oldham, Uingereza, alipozaliwa mtoto wa kwanza aliyetungishwa nje ya mwili, kwa juhudi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy.

Msomaji ataona kwamba maisha ya Bi Menkin yana somo ndani yake. Uchovu wa mama anayelea ndio uliomletea ushindi wake, na wajibu wa mke ndio uliomtoa katika kazi. Mambo hayo mawili, kazi na uzazi, ndiyo yaliyompeleka mwanamke wa Beijing hospitalini miaka 74 baadaye.

Ufundi wa kugandisha ulianza mbali na wanawake. Mwaka 1949 Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, wa taasisi ya utafiti iliyokuwa Mill Hill, London, walikuwa wanajaribu kuhifadhi mbegu za jogoo katika baridi kali. Majaribio yao yalishindwa, mpaka siku moja chupa iliyodhaniwa kuwa na maji ya sukari ilipozilinda mbegu zikafufuka. Walipoichunguza waligundua kwamba ilikuwa na gliseroli. Yadhaniwa kwamba vibandiko vya chupa vilikuwa vimebadilishana. Hivyo ilijulikana kwamba chembe hai yaweza kuponea baridi ikiwa imepewa dawa inayochukua nafasi ya sehemu ya maji yake. Mwaka 1953 huko Iowa, Marekani, mbegu za kiume zilizogandishwa zilithibitishwa kuleta mimba. Mwaka 1972 walizaliwa panya kutokana na viinitete vilivyogandishwa, na mwaka 1984 huko Australia alizaliwa mtoto wa mwanadamu kwa njia hiyo.

Yai lilikuwa gumu kuliko hayo yote. Lina maji mengi, na maji yakigeuka barafu hufanya vipande vyenye ncha kali vinavyochoma ndani. Isitoshe, ndani ya yai lililopevuka zimo nyuzi nyembamba zinazozipanga kromosomu, nazo huvurugika kwa baridi. Na ganda lake la nje huwa gumu hata mbegu ya kiume isiweze kupenya. Mwaka 1986 Christopher Chen, huko Adelaide, alitangaza habari za mapacha waliotokana na yai lililogandishwa, lakini wengi waliomwiga hawakufanikiwa. Tatizo la ganda lilitatuliwa kwa ufundi uliobuniwa Brussels na kutangazwa mwaka 1992, wa kuidunga mbegu moja moja kwa moja ndani ya yai. Na mwaka 1997 Eleonora Porcu na wenzake wa Bologna walitangaza mtoto aliyezaliwa kwa kuunganisha ufundi huo na yai lililogandishwa. Tatizo la barafu lilitatuliwa kwa kuacha kugandisha polepole. Yai hutiwa dawa nyingi ya kinga na kupozwa ghafula katika naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hata maji yake yakaimarika kama kioo pasipo kupata nafasi ya kuwa barafu. Mtoto wa kwanza wa njia hii alitangazwa mwaka 1999, na tangu mwaka 2005 Masashige Kuwayama wa Japani aliirahisisha ikaenea duniani.

Katika habari hii sheria ilifanya kazi pande zote mbili. Mwaka 2004 nchi ya Italia ilipitisha sheria iliyokataza kugandisha viinitete, na kuruhusu mayai 3 tu yatungishwe kwa mara moja. Madaktari wa huko, wakiwa na mayai ya ziada wasiyoweza kuyatungisha, walilazimika kuuendeleza ufundi wa kugandisha yai lenyewe, mpaka mahakama ya katiba ilipoulegeza mpaka huo mwaka 2009. Hivyo katazo la nchi moja liliwafaidi wanawake wa nchi nyingine.

Kwanza ufundi huu ulikusudiwa wagonjwa, hasa wanawake vijana wenye saratani ambao dawa ingewaharibia mayai. Mwezi wa Oktoba 2012 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitamka kwamba si jaribio tena, lakini katika tamko hilo hilo hakikuwashauri wanawake wazima waugeukie kwa ajili ya kuahirisha uzazi tu, kwa kuwa ushahidi ulikuwa haujatosha. Wenye biashara walisikia nusu ya kwanza ya tamko kuliko nusu ya pili. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba kampuni za Facebook na Apple zimekubali kuwalipia watumishi wao gharama hiyo hadi dola 20,000. Wako walioiita zawadi, na wako waliouliza kama si njia ya kumwambia mwanamke azae wakati kazi itakapomruhusu. Hata hivyo dhana ya kwamba wanawake hugandisha mayai kwa kupenda vyeo haikuthibitika. Marcia Inhorn, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, alipowahoji wanawake 150 wa Marekani na Israeli, aliona kwamba walio wengi walifanya hivyo kwa kukosa mwenzi wa kuzaa naye.

Kazi yenyewe si nyepesi. Mwanamke hudungwa sindano za homoni kwa muda wa siku 10 au 12, hupimwa mara kwa mara, kisha hulazwa kwa dawa ya usingizi na mayai kutolewa kwa sindano. Tumbo huvimba, na kwa wachache vifuko vya mayai huchochewa kupita kiasi hata wakahitaji matibabu. Wala akiba hiyo si ahadi. Mayai mengine hufa yanapoyeyushwa, mengine hayatungiki, na viinitete vingine havikui. Mwanamke aliyeweka mayai 12 hakuweka watoto 12. Pengine hakuweka hata mmoja. Aliyeyaweka kabla ya miaka 35 ana tumaini kubwa kuliko aliyeyaweka baada ya 40, na hapo ndipo penye mzaha wa wakati: yule ambaye akiba ingemfaa zaidi aghalabu hajui bado kama ataihitaji, na yule ajuaye kwamba anaihitaji aghalabu amechelewa.

Haya yote Xu Zaozao alikuwa na haki ya kuelezwa na kuyapima. Hospitali ilitoa hoja mahakamani kwamba kugandisha mayai kuna madhara, na kwamba kuzaa kwa kuchelewa kuna hatari. Hoja hizo zina ukweli ndani yake. Lakini hatari za sindano hazipungui kwa cheti cha ndoa, na hatari za kuzaa kwa kuchelewa humpata aliyeolewa kama zinavyompata asiyeolewa. Msingi wenyewe ulikuwa kanuni za Wizara ya Afya za mwaka 2003, zilizokataza mwanamke asiye na mume kupewa msaada wa kitaalamu wa uzazi. Mwanamume asiye na mke aliweza kuhifadhi mbegu zake. Tena katika nchi hiyo hiyo jimbo la Jilin lilikuwa limeandika katika sheria yake ya mwaka 2002 kwamba mwanamke aliyeamua kutoolewa aweza kupata mtoto mmoja kwa msaada wa utaalamu. Na ilikuwa nchi ambayo kwa miongo mitatu na zaidi iliwazuia watu wake kuzaa mtoto wa pili, ikawaruhusu watoto wawili mwaka 2016 na watatu mwaka 2021, na mwaka 2022 ikaona hesabu ya watu wake inapungua kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1961. Serikali iliyokuwa ikihesabu watoto wa kuzuia ilianza kuhesabu watoto wa kuhimiza. Katika hesabu zote mbili mwanamke alikuwa tarakimu, hakuwa mhesabuji.

Mahakama ya Wilaya ya Chaoyang ilisikiliza kesi mwezi wa Desemba 2019, ikaisikiliza tena mwaka 2021, na mwezi wa Julai 2022 ikayakataa madai yake. Alikata rufaa. Mwezi wa Agosti 2024 Mahakama ya Kati ya Tatu ya Beijing iliikataa rufaa hiyo, na safari ikaishia hapo. Alipoingia hospitalini alikuwa na miaka 30; hukumu ya mwisho ilipotolewa alikuwa na miaka 36. Miaka ambayo mayai yake yangefaa kuwekwa ndiyo miaka ambayo majalada yake yalikuwa yakingoja zamu mahakamani.

Historia ya yai haimthibitishii mtu yeyote kwamba kugandisha ni busara, wala kwamba ni upumbavu. Inayothibitisha ni kwamba maarifa ya jambo hili yalijengwa kwa hesabu za wanawake wenyewe: tarehe zilizoandikwa na wagonjwa wa Niigata na Brookline, na usiku wa mama aliyekesha na mtoto anayeota meno.  Ogino aliwajulisha wanawake siku, na Kuwayama akawapa njia ya kulingojesha yai. Lakini yai likingoja katika baridi, mwenye yai hangoji. Yeye huendelea kuishi, kufanya kazi na kuzeeka. Kwa hiyo elimu ya uzazi impasayo msichana ni ile inayomfikia mapema, pamoja na mipaka yake yote, akiwa bado ana muda wa kuchagua. Elimu imfikiayo baada ya hapo humweleza tu kilichokwisha kutokea.